Tajiri Ana Hela Zake, Kwa Nini Apangiwe? Majibu ya Maswali Yenu

Mwezi huu sikuchagua mada, mmenichagulia wenyewe. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya sheria za matumizi ya hela kwenye mpira wa Ulaya, basi meseji zikamiminika, nusu maswali nusu matusi ya kawaida ya mashabiki, na matusi nimeyaacha kwenye simu. Maswali mengine nimeyafupisha maana kuna mtu aliandika kurasa nzima na swali likawa mstari wa mwisho.

SWALI: Anko habari. Mi ni Newcastle damu. Timu yetu ina mfuko wa serikali ya Saudi Arabia, hela wanazo mpaka hawajui wazipeleke wapi, alafu tunaambiwa tukisajili tutavunja sheria. Mtu ana hela zake halali, anataka kununua mchezaji kwenye timu yake mwenyewe, kosa liko wapi? Huo si wivu tu wa vigogo?

JIBU: Wivu upo mdogo wangu, sitakudanganya, ila mambo hayakuanza na wivu. Yalianza na timu kufa.

Chukua Portsmouth. 2008 wanabeba Kombe la FA, kikosi kimejaa majina, mishahara mikubwa kuliko uwezo wa timu yenyewe, yote inabebwa na mwenye timu. Mwenye timu akachoka, akaja mwingine, akaja mwingine, na Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu England kuingia kwenye usimamizi wa mufilisi, wakakatwa pointi 9, wakashuka, na kufika 2013 walikuwa daraja la nne. Kutoka kombe mpaka daraja la nne ni miaka mitano! Leeds nao 2001 walikuwa nusu fainali ya Champions League, 2004 wameshuka na madeni juu. Kwa hiyo shida ya hela ya tajiri sio kwamba ni haramu, shida ni kwamba siku tajiri akiondoka anaondoka nayo, ila mikataba ya wachezaji inabaki pale pale na mwisho wa mwezi wanataka chao.

Ndo UEFA, shirikisho la mpira wa Ulaya, enzi za rais wao Michel Platini wakaja na FFP, yaani mchezo wa haki kwenye fedha, kanuni zikapitishwa 2010, na England wakatengeneza ya kwao ambayo ndo hii PSR, kanuni za faida na uendelevu za Ligi Kuu, inayokunyima usingizi. Mpaka msimu wa 2025/26 iko hivi: ndani ya misimu mitatu hasara yako isizidi pauni milioni 105, na hata hizo 105 ni kama mwenye timu ameweka mtaji wake mezani kufidia, asipoweka kiwango kinashuka mpaka milioni 15. Hela ulizotumia kwenye akademi, timu ya wanawake, uwanja na mambo ya jamii hazihesabiwi.

Sasa sikia hapa maana ndo penye mzizi wa malalamiko yako. Sheria haiulizi una hela kiasi gani, inauliza umeingiza kiasi gani. Viingilio, hela za TV, kuuza wachezaji, wadhamini, basi. Hivyo Newcastle ya 2021 ilivyonunuliwa, mfukoni kwa mwenyewe ni tajiri kuliko wote, ila kwenye vitabu vya klabu ni timu ya kati tu, na matumizi yanapimwa na vitabu. Wakati huo Real Madrid msimu wa 2023/24 waliingiza zaidi ya euro bilioni moja. Utamkuta wapi mtu wa hivyo kwa kutumia asilimia ya mapato yako? Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, ila kwa sheria hii utangoja sana, maana aliye juu ana jezi zinazouzwa dunia nzima na kila mwaka anaongezewa.

Na walioko juu baadhi yao walipandaje? Blackburn walibeba ubingwa 1995 kwa hela za Jack Walker. Chelsea hela za Abramovich, tajiri wa Urusi, kuanzia 2003. Manchester City walinunuliwa na watu wa Abu Dhabi 2008. Wote walipita wakati geti liko wazi na mlinzi amelala, wewe umefika mlinzi ameamka, anataka risiti.

Kwa hiyo jibu langu: sheria nzuri kwa kuzuia timu zisife, mbovu kwa kuleta usawa, na kosa kubwa lilikuwa kuipa jina la usawa. UEFA wenyewe 2022 waliandika kanuni upya na lile neno la mchezo wa haki wakalitoa kwenye jina, sasa hivi zinaitwa kanuni za uendelevu wa kifedha. Mi nilivyosoma nikasema afadhali, angalau wameacha kutania watu.

SWALI: Sasa Anko kama udhamini unahesabika kama mapato, si mwenye timu aambie kampuni yake nyingine idhamini jezi kwa bilioni moja, mchezo umeisha? Nani anajua bei halali ya kifua cha jezi?

JIBU: Dada yangu hilo ndo swali la mwezi, na kama kungekuwa na zawadi ingekuwa yako.

Kila tajiri aliyewahi kuingia kwenye mpira amewaza hivyo hivyo, na ndo maana sheria zina kitu kinaitwa thamani halisi ya soko. Maana yake: kampuni ikiwa na undugu na mwenye timu, mkataba unapelekwa kwa wakaguzi, wanajiuliza je mtu baki asiye na undugu wowote, asiyejali timu ishinde au ifungwe, angelipa hiyo bei? Akionekana angelipa pungufu, basi kwenye mahesabu inaandikwa ile pungufu. Hela inaweza ikaingia benki yote, hamna anayekukataza, ila kwa ajili ya sheria wanaihesabu nusu, au robo, kadiri walivyoipima.

Mfano mkubwa ni PSG, klabu ya Paris, na Mamlaka ya Utalii ya Qatar. Timu ni ya Qatar, mdhamini ni wa Qatar, mkataba ulikuwa mnono kiasi kwamba UEFA walikataa kuukubali kwa bei iliyoandikwa, wakaukata. Mei 2014 PSG na City wote wakakubali adhabu, faini ya euro milioni 60 kila mmoja, milioni 40 kati ya hizo zikiwa za kuachiwa kama watatii masharti. Miaka mitatu baadae PSG huyohuyo akamlipia Neymar euro milioni 222, kwa hiyo sijui kama faini ilimuuma.

England nao walichelewa mpaka Newcastle ilipouzwa. Oktoba 2021 Wasaudi wanaingia, mwezi huohuo klabu nyingine zinapiga kura kusimamisha kwa muda udhamini wa kampuni za ndugu, na Desemba kanuni kamili ikapitishwa. Ukiniuliza kama ilimlenga mtu mmoja nitakwambia angalia tarehe. Hata hivyo Newcastle 2023 walipata mdhamini wa jezi Sela, kampuni ya Saudia ya mfuko uleule, inayotajwa kulipa kama pauni milioni 25 kwa mwaka, na ikapita kwenye ukaguzi. Kwa hiyo ndugu anaruhusiwa kudhamini, anachokatazwa ni kuzidisha bei.

Ugumu uko kwenye kupima. Mkate una bei kwa sababu kuna mikate mingine mingi inauzwa, ila kifua cha jezi ya bingwa wa England ni kimoja tu, utakilinganisha na nini? Wanaangalia mikataba ya wenzake, nafasi kwenye ligi, mechi zinazoonyeshwa kwenye TV, wafuasi mitandaoni. Ila hiyo mikataba ya wenzake ni ya timu zilizokuwa kubwa zamani, kwa hiyo timu inayopanda leo inapimwa kwa historia ambayo haina. Upande wa pili nao una hoja, ukisema mwenye timu aamue mwenyewe bei ya udhamini basi sheria yote futa, hamna haja ya kuwa nayo.

SWALI: Anko mimi ni City, nimechoka kutukanwa. CAS, ile mahakama ya michezo, walitusafisha 2020, watu bado wanasema tuhuma 115. Tufanye nini ili watuelewe?

JIBU: Kwanza wewe mwenyewe zielewe, maana kesi ni tatu na mashabiki wote, wenu na wapinzani, wanazichanganya kama karata.

Ya kwanza ni ya UEFA. Novemba 2018 gazeti la Ujerumani Der Spiegel lilitoa nyaraka zilizovuja, tuhuma ikiwa kwamba sehemu ya hela za udhamini wa Etihad, shirika la ndege la Abu Dhabi, zilikuwa zinatoka kwa mwenye timu kwa mlango wa nyuma. City walikana, wanakana mpaka kesho. Februari 2020 UEFA ikawafungia miaka miwili Ulaya na faini ya euro milioni 30. Julai CAS wakafuta kifungo, faini ikashuka milioni 10 kwa kutotoa ushirikiano. Hapa kuna jambo mashabiki wenu huwa mnalipita haraka: CAS walisema baadhi ya tuhuma hazijathibitishwa, na nyingine zimepitwa na muda kwa sababu UEFA ina ukomo wa miaka mitano. Iliyopitwa na muda haijachunguzwa ikaonekana safi, imekataliwa mlangoni tu. Wapinzani nao wanalipita haraka lile la kwanza.

Ya pili ni ya Ligi Kuu, Februari 2023, ndo yenye ile 115, inarudi nyuma mpaka msimu wa 2009/10, na kanuni za ligi hazina ule ukomo wa miaka mitano. Ilisikilizwa kuanzia Septemba mpaka Desemba 2024. Tuhuma ni tuhuma, mimi sio jaji.

Ya tatu ni City kuishtaki ligi yenyewe, kuhusu zile kanuni za udhamini wa ndugu nilizomweleza dada hapo juu. Na hii walipata kitu. Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba baadhi ya vipengele vilikuwa kinyume cha sheria, kikubwa zaidi ni mikopo ya wenye timu. Yaani mmiliki akiikopesha klabu yake mamilioni bila riba, ambapo benki ingetaka riba kubwa tu, hiyo nayo ni zawadi kutoka kwa ndugu, sasa mbona haikuwa inapimwa kama udhamini unavyopimwa? Arsenal na Brighton ni kati ya timu zenye mikopo ya namna hiyo. Mimi sio wa City, ila hapo waliniingia. Ukipima mkono wa kulia pima na wa kushoto. Ligi ikarekebisha Novemba, na Septemba 2025 wakamalizana.

SWALI: Kwa nini Everton na Nottingham Forest walikatwa pointi chapchap na wakubwa wanazungushwa?

JIBU: Kwa sababu Everton na Forest kesi yao ilikuwa ya kikokotoo. Mahesabu yao yalionyesha wamezidi, hawakubisha sana kama wamezidi, walibisha sababu. Ukishakubali umezidi, kilichobaki ni adhabu tu. Ukikataa kila kitu na una mawakili wa kutosha, miaka inaenda. Haipendezi ila ndo mahakama zilivyo, hata za mtaani.

Everton walionekana wamepata hasara ya milioni 124.5 wakati mwisho ni 105. Moja ya utetezi wao linaingia kabisa kwenye mada yetu: walikuwa na udhamini wa kampuni ya USM ya tajiri wa Urusi Alisher Usmanov, mpaka jina la uwanja mpya lilikuwa kwenye mazungumzo, vita ya Ukraine ikaanza 2022, Usmanov akawekewa vikwazo, mkataba ukasimamishwa. Tume iliyosikiliza kesi ikasema pole ila haihusiani. Pointi 10 Novemba 2023, rufaa zikawa 6, alafu 2 nyingine Aprili kwa kipindi kilichofuata. Walibaki ligi kuu pamoja na hayo yote, ambayo mi nadhani ni kazi kubwa ya kocha kuliko watu wanavyosema.

Forest kesi yao inaniumaga zaidi. Walipanda 2022, wakasajili watu zaidi ya 20 msimu mmoja, sawa, huo ni wazimu. Ila kiwango chao hakikuwa 105, kilikuwa 61 kwa sababu misimu miwili kati ya mitatu walikuwa Championship, daraja la pili, ambako unaruhusiwa 13 tu kwa msimu. Walikuwa na Brennan Johnson, mtoto wa akademi yao, wangemuuza kabla ya tarehe 30 Juni 2023 ambapo mahesabu yanafungwa wangepunguza tatizo, ila wakaona wakisubiri watapata zaidi, wakamuuza Tottenham Septemba mosi, kwa zaidi ya pauni milioni 47. Kibiashara walikuwa sahihi kabisa! Kisheria wakapigwa pointi 4. Sheria iliyoandikwa ili timu ziwe na akili ya hela ikaadhibu timu kwa kusubiri bei nzuri.

SWALI: Chelsea wanatumia mabilioni hawakatwi hata nusu pointi. Nieleze taratibu, hesabu sikusoma sana.

JIBU: Mchezaji ukimnunua, ada yake haiandikwi yote mwaka wa kwanza, inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Enzo Fernández alinunuliwa pauni milioni 106.8 Januari 2023 kwa mkataba wa miaka nane na nusu. Gawanya, unapata kama milioni 12.6 kwa mwaka. Angekuwa na mkataba wa miaka mitano ingekuwa milioni 21.4. Mchezaji yuleyule, bei ileile, ila kwa mwaka unaonekana umetumia karibu nusu. Ni kama kununua kitu kwa mkopo wa muda mrefu, rejesho dogo ila utalipa mpaka uzeeke. UEFA wakashtuka, wakaweka ukomo wa miaka mitano, Ligi Kuu wakafuata Desemba 2023, ila mikataba ya zamani ikabaki ilivyo.

Alafu kuna hoteli. Chelsea walikuwa na hoteli mbili pale uwanjani, wakaziuza kwa kampuni dada, yaani mfuko wa kulia ukauza kwa mfuko wa kushoto, pauni milioni 76.5, zikaandikwa mapato. Timu ya wanawake nayo ikauzwa kwa kampuni mama. Ligi Kuu ilikuwa haina kanuni ya kukataza. Juni 2024 klabu zilipiga kura kuziba huo mwanya na kura hazikutosha, kwa hiyo usinune Chelsea peke yao, wenzao wengine waliona huenda na wao siku moja watauza hoteli. UEFA hawakuzihesabu hizo hela kabisa, na Julai 2025 wakawapiga faini ya euro milioni 31 ya kulipa, na nyingine za kuning'inia.

SWALI: Akademi zinahusikaje? Naona kila Juni watoto wa nyumbani wanauzwa.

JIBU: Zinahusika kwa ubaya. Mchezaji uliyemnunua milioni 50 ukamuuza 50 palepale hujapata kitu. Mtoto uliyemlea tangu ana miaka 8, kwenye vitabu ana thamani sifuri, ukimuuza 30 zote 30 ni faida, mwaka huohuo. Kwa hiyo tarehe 30 Juni ikikaribia, anayetolewa kwanza ni yule ambaye jukwaa linamuimbia. Juni 2024 Newcastle walimuuza Elliot Anderson, mtoto wa palepale, kwenda Forest, sio kwa sababu kocha hamtaki. Majira yaleyale Aston Villa na Everton walipeana vijana, Villa akatoa Tim Iroegbunam akachukua Lewis Dobbin, kila mmoja akaandika faida yake. Hakuna aliyevunja sheria. Ila ukiona sheria inafanya kijana wa nyumbani awe ndo wa kwanza kuuzwa, ujue kuna mahali aliyeiandika hakuwahi kukaa jukwaani. Hili linaniudhi kuliko hoteli.

SWALI: Makampuni ya kubeti yanatoka kwenye jezi lini?

JIBU: Ligi Kuu walikubaliana Aprili 2023 kwamba msimu wa 2025/26 ndo wa mwisho kuwa kifuani, begani ruksa kubaki. Jambo jema, ila linaumiza timu ndogo zaidi maana wakubwa wana mashirika ya ndege na benki, wadogo kubeti ndo kulikuwa kunalipa vizuri. Mapato yakipungua na kiwango cha kutumia kinapungua, si tumeshaona.

SWALI: Nasikia PSR inaondolewa. Itakayokuja ina nafuu?

JIBU: Klabu zilipiga kura Novemba 2025, kuanzia msimu wa 2026/27 kinachopimwa ni gharama ya kikosi, mishahara na ada za usajili na mawakala, isizidi asilimia 85 ya mapato. UEFA wao wanataka 70. Nafuu yake ni kwamba inaeleweka na haisubiri miaka mitatu. Ila piga hesabu: timu inayoingiza milioni 700 inaruhusiwa 595, inayoingiza 200 inaruhusiwa 170. Pengo liko palepale, limepewa tu kikokotoo kipya. Kulikuwa na pendekezo lingine, wa juu kabisa asizidi mara kadhaa ya hela za TV anazopata wa mwisho, yaani dari moja kwa wote. Hilo ndo lingegusa wakubwa, na hilo ndo lililokataliwa.

SWALI: Anko la mwisho la kupumzisha kichwa, nani alianza kuweka tangazo kwenye jezi England?

JIBU: Kettering Town, 1976, timu ndogo ya nje ya ligi, wakaandika Kettering Tyres, duka la matairi. FA, chama cha mpira cha England, wakaja juu, toeni. Wakafuta herufi, wakabakiza Kettering T, walipoulizwa wakasema hiyo T ni ya Town.